Saiklodekstrini au njia nyingine? Ulinganisho kwa anayetaka dawa yake iyeyuke majini

Wanafunzi wa famasia wanapotafuta mada ya mradi wa mwaka wa mwisho, kuanzia Nakuru hadi huku kwetu Kisumu, saiklodekstrini haikosi kutajwa. Sababu iko wazi. Dawa nyingi mpya, na si haba za zamani, hazipatani na maji. Ukizitia kwenye bilauri zinaelea juu au zinatuama chini, na tumboni hali ni hiyo hiyo: sehemu kubwa hupita tu na kutoka na choo. Saiklodekstrini inaahidi kuiyeyusha dawa bila kuibadilisha yenyewe, bila pombe, na bila asidi ya kuunguza mshipa. Ahadi hiyo ni ya kweli. Tatizo ni kwamba wengi huichagua kabla ya kupiga hesabu fupi ambayo ingewaambia mapema kama inafaa au la, nayo ni hesabu ya uzito.

Hapa nitaiweka saiklodekstrini kando ya wapinzani wake, kisha nizilinganishe saiklodekstrini zenyewe kwa zenyewe, maana nazo hazifanani. Msimamo wangu nausema mapema: ni chaguo zuri mno kwa dawa ya dozi ndogo isiyokubali kugeuzwa kuwa chumvi (umbo la dawa lenye chaji, linaloyeyuka kirahisi majini), hasa ikiwa ni ya sindano au ya maji. Kwa dozi kubwa za kumeza, tafuta kwingine.

Ni kitu gani hasa

Ni sukari. Wanga wa mahindi au wa viazi ukikatwa na kimeng'enya fulani kinachotoka kwa bakteria, baadhi ya vipande vya mnyororo wa glukosi hujikunja na kuungana ncha kwa ncha. Mfaransa Villiers aliziona fuwele zake mwaka 1891, na Franz Schardinger wa Austria akazichunguza kwa kina mwanzoni mwa karne ya 20. Duara la glukosi 6 huitwa alfa, la 7 beta, la 8 gama.

Umbo lake ni kama ngata ya kubebea mtungi, ila mdomo mmoja ni mpana kuliko mwingine. Nje kumejaa sehemu zinazopenda maji, ilhali tundu la ndani linapenda vitu vya asili ya mafuta. Molekuli ya dawa, mara nyingi kipande chake tu, huingia tunduni na kujificha humo huku pete ikiibeba majini. Hakuna kifungo cha kudumu kati yao. Dawa huingia na kutoka muda wote, na pete ikichanganyika na maji mengi ya mwili, dawa huachiwa ikaenda zake.

Hesabu yenyewe

Gawanya dozi kwa uzito wa molekuli ya dawa. Zidisha kwa idadi ya pete zinazohitajika kwa kila molekuli moja ya dawa. Zidisha tena kwa uzito wa molekuli ya saiklodekstrini. Jibu ni miligramu za saiklodekstrini ambazo mgonjwa atazimeza au kuchomwa pamoja na dozi moja.

Chukua piroksikamu, dawa ya maumivu ya viungo. Dozi ni miligramu 20, uzito wa molekuli 331. Bidhaa ya piroksikamu na beta inayouzwa Ulaya tangu miaka ya 1980 hutumia pete mbili na nusu kwa kila molekuli ya dawa. Beta ina uzito wa 1,135. Ukipiga hesabu unapata kama miligramu 171 za beta, na ukijumlisha na dawa yenyewe ni 191. Hicho ni kidonge cha kawaida kabisa, kinamezwa bila shida.

Sasa njoo kwa dawa inayotuhusu sisi wa kando ya Ziwa Victoria: prazikwanteli ya kichocho. Haiyeyuki vizuri, ni chungu, na watoto huitema. Kwa macho tu inaonekana imeumbiwa saiklodekstrini. Lakini dozi ya kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo. Mtoto wa kilo 20 anahitaji miligramu 800, na uzito wa molekuli ni 312. Hata ukijipendelea na kusema pete moja inatosha kwa molekuli moja, utahitaji gramu 2.9 za beta. Beta yenyewe haiyeyuki sana, ni miligramu 18.5 tu kwa mililita, kwa hiyo gramu 2.9 zinataka mililita 157 za maji. Ukichukua uwiano halisi kama ule wa piroksikamu unapita gramu 7, na maji yanakaribia mililita 400. Mtoto gani atamaliza hiyo? Mtu mzima wa kilo 60 ndiye hata asiulizwe.

Kamati ya kimataifa ya viungio vya chakula iliweka kiwango cha beta kwa siku kuwa miligramu 5 kwa kila kilo ya mwili. Kiwango hicho ni cha kula maisha yote, si cha dozi moja ya kichocho, kwa hiyo usikitumie kama rungu. Kinakupa tu picha ya jinsi gramu 3 kwa mtoto wa kilo 20 zilivyo mbali na mazoea.

Walioshughulikia prazikwanteli ya watoto wadogo walipita njia tofauti kabisa. Molekuli hiyo ina pande mbili, kama mtu na taswira yake kwenye kioo, na upande mmoja ndio wenye kazi. Waliuchukua huo pekee, wakaufanya kidonge kidogo cha kuvuruga majini. Kilijaribiwa Kenya na Kodivaa, na mwishoni mwa 2023 mamlaka ya dawa ya Ulaya ikakitolea maoni ya kukikubali. Hakikuhitaji pete hata moja.

Wapinzani, nikianza na aliye nafuu zaidi

Chumvi ndiyo ya kwanza kujaribiwa siku zote. Kama dawa ni asidi au besi, igeuze kuwa chumvi, na umumunyifu, yaani uwezo wa kuyeyuka, unaweza kupanda mara mia kwa gharama ndogo. Yeyote aliyefanya kazi wodi ya watoto katika ukanda huu wa malaria ameona jambo hili likitokea mkononi mwake. Kichupa cha artesuneti cha miligramu 60 ni unga mkavu, nao hauyeyuki kwenye maji matupu. Unaweka mililita 1 ya baikaboneti ya sodiamu ya asilimia 5, unatikisa, viputo vinapanda, hewa unaitoa, ukungu unatoweka, na kwa muda mfupi una kimiminika safi. Kisha unaongeza mililita 5 za chumvi ya dripu kama ni ya mshipani, au mililita 2 kama ni ya msuli. Ikibaki na wingu, haichomwi. Hapo umetengeneza chumvi ya artesuneti papo kwa papo, mbele ya mgonjwa, bila kiambata (kitu kisicho dawa kinachoongezwa kuisaidia) kingine chochote. Nani atake gramu za saiklodekstrini hapo?

Dolutegraviri ya watoto wenye virusi vya Ukimwi ni mfano mwingine. Ni chumvi ya sodiamu, kidonge cha miligramu 10 kinachovurugwa kwenye maji kidogo, hakihitaji friji.

Udhaifu wa chumvi ni kwamba inaweza kurudi ilikotoka. Fenitoini ya sindano ni chumvi iliyolazimishwa kubaki majini kwa alikali kali inayofika pH 12 hivi, pamoja na asilimia 40 ya propilini glaikoli na asilimia 10 ya alkoholi. Iweke kwenye dripu ya glukosi na fuwele zinazaliwa ndani ya mpira. Wauguzi wote hufundishwa hilo, na wanafunzi wa famasia wangefaidika kukaa wodini siku moja walione wenyewe. Halafu kuna dawa ambazo si asidi wala besi, kama homoni za steroidi na artemeta. Hizo chumvi haiziwezi kabisa.

Kusaga ni njia ya zamani na ya heshima. Chembe zikiwa ndogo, eneo linaloguswa na maji huongezeka na dawa huyeyuka upesi. Griseofulvini ya choa cha kichwani ikisagwa laini zaidi, dozi hupungua kwa karibu theluthi. Lakini zingatia: kusaga kwa kawaida huongeza kasi, hakuongezi kile kiwango cha mwisho ambacho maji yanaweza kubeba. Kama dawa imegoma kabisa, unga laini nao utagoma.

Mafuta na chakula ndiyo njia tunayoitumia Nyanza na Magharibi kila siku bila kuiita teknolojia. Lumefantrini, ile nusu ya pili ya dawa mseto ya malaria, inapenda mafuta kupita kiasi. Ikichukuliwa na mlo wenye mafuta mengi, inayofika kwenye damu huongezeka mara 16 hivi kuliko tumbo tupu, na artemeta huongezeka maradufu. Wala haihitaji karamu: utafiti mmoja ulionyesha kuwa maziwa kidogo ya soya, yenye gramu 1.2 tu za mafuta, yalitosha kukaribia kiwango cha juu. Kwa hiyo mfamasia anapomwambia mteja dirishani, "Mama, usimpe hizi tumbo likiwa tupu, mpe na maziwa, au uji wa njugu kama hana hamu," anafanya kazi ile ile ambayo kiwanda kingefanya kwa kiambata. Ubaya ni kwamba unategemea mtoto ale, na mtoto mwenye malaria mara nyingi hali.

Pombe na wenzake, yaani alkoholi, propilini glaikoli na vimumunyishi vya aina hiyo, ni njia rahisi kutengeneza na ngumu kuipenda. Sirapu ya lopinaviri na ritonaviri ya watoto ilikuwa na asilimia 42 hivi ya alkoholi na asilimia 15 ya propilini glaikoli, ladha chungu, na ilitaka friji kabla ya kufika kwa mgonjwa. Fikiria nyumba isiyo na umeme.

Sindano za namna hii zina kasoro nyingine ambayo ndiyo hoja kubwa zaidi ya kuitetea saiklodekstrini, kwa hiyo nitulie hapa kidogo. Umumunyifu kwenye mchanganyiko wa maji na pombe hupanda kwa kuzidishwa, si kwa kujumlishwa. Ukipunguza pombe kwa nusu, uwezo wa kubeba dawa unaanguka zaidi ya nusu, pengine hadi sehemu ya kumi. Ndiyo maana diazepamu ya sindano ikiguswa na maji ya dripu inageuka maziwa. Saiklodekstrini, pale inapofunga pete moja kwa dawa moja, hupanda na kushuka kwa mstari ulionyooka: ukiongeza maji mara kumi, dawa inapungua mara kumi na uwezo wa kuibeba unapungua mara kumi hivi, kwa hiyo hakuna kinachotuama. Kwa sindano inayoingia kwenye damu inayotiririka, tofauti hii ndiyo inayoamua kama mshipa utavimba au hautavimba.

Mwisho kuna kuivunja fuwele, yaani kuiweka dawa ndani ya polima (kitu cha minyororo mirefu ya molekuli) ikiwa haina mpangilio wa fuwele. Lopinaviri hiyo hiyo ilipoyeyushwa pamoja na polima kwa joto, ikatoka kidonge kisichotaka friji, mwaka 2005. Ni teknolojia nzuri kwa dozi kubwa, kwa sababu polima haihitaji uzito kama wa pete. Ila dawa isiyo na fuwele inatamani kurudi kwenye fuwele, na unyevu huisaidia. Kisumu mwezi wa Aprili si mahali pa kuacha kopo wazi. Pia inahitaji mashine ambazo chuo cha kawaida hakina.

Dawa moja, njia mbili

Anayetaka kuona ulinganisho huu bila nadharia aangalie itrakonazoli ya fangasi. Ni kati ya dawa zinazochukia maji kuliko zote: kwenye maji ya kawaida yasiyo na asidi, inayoyeyuka ni nanogramu chache tu kwa mililita. Kampuni iliyoitengeneza iliuza aina mbili.

Kapsuli zake ni punje za sukari zilizopakwa dawa isiyo na fuwele ndani ya polima. Zinahitaji chakula na asidi ya tumbo, kwa hiyo mgonjwa anayemeza omeprazoli au vidonge vya kiungulia anapoteza dawa. Ile ya maji ina miligramu 10 za dawa na miligramu 400 za saiklodekstrini aina ya haidroksipropili-beta kwa kila mililita. Yenyewe inanywewa tumbo likiwa tupu, na hufyonzwa vizuri zaidi. Lakini dozi ya miligramu 200 ni mililita 20, na humo mna gramu 8 za saiklodekstrini. Pete hizo hazifyonzwi. Zinabaki utumboni zikivuta maji, na kuhara ni lalamiko linalojulikana. Tena waliongeza asidi na propilini glaikoli, maana pete peke yake haikutosha.

Maagizo ya chakula ni kinyume kabisa kati ya hizo mbili. Zisibadilishwe dirishani kana kwamba ni kitu kimoja.

Ipi ni bora? Kwa mgonjwa anayeweza kumeza, anayekula, asiyetumia dawa za kupunguza asidi, kapsuli. Kwa mwenye vidonda vya kinywa na koo, au tumbo lisilotoa asidi ya kutosha, ya maji, na aambiwe mapema kuhusu kuhara.

Kati ya saiklodekstrini zenyewe

Umumunyifu huu ni wa majini kwa nyuzi 25.

| Aina | Uzito wa molekuli | Miligramu kwa mililita |
|---|---|---|
| Alfa | 972 | 145 |
| Beta | 1,135 | 18.5 |
| Gama | 1,297 | 232 |
| Haidroksipropili-beta | kama 1,400 | zaidi ya 600 |
| Salfobutili-beta | kama 2,160 | zaidi ya 500 |

Alfa tundu lake ni dogo, dawa nyingi haziingii. Nyingi ya dawa zenye pete moja au mbili za benzini hukaa vizuri kwenye beta. Gama ni pana, huchukua molekuli kubwa, na ina faida kwamba vimeng'enya vya mate na vya kongosho huimeng'enya kama wanga mwingine. Umaarufu wake mkubwa hata hivyo umetokana na kazi ya kinyume: sugamadeksi, gama iliyorekebishwa, huchomwa baada ya upasuaji ili iinase rokuroniamu, dawa ya kulegeza misuli, ndani ya damu na kumrudishia mgonjwa pumzi yake. Ulaya iliikubali 2008, Marekani 2015.

Beta ya kawaida ndiyo ya bei nafuu, kwa sababu ile ile inayotusumbua: haiyeyuki sana, hivyo hujitenga kama fuwele kirahisi kiwandani. Kwa vidonge vya dozi ndogo sioni sababu ya kutafuta nyingine. Kwa sindano, usiiguse. Ikiingia kwenye damu hunyang'anya kolesteroli kutoka kwenye utando wa seli, chembe nyekundu hupasuka, na figo huumia kwa fuwele zinazojikusanya humo.

Haidroksipropili-beta ni beta iliyobandikwa vikia vidogo ili isijipange kuwa fuwele. Ndiyo ningeichagua kwanza kwa dawa ya maji, matone ya macho au sindano. Inatoka mwilini kupitia figo, na kwa viwango vikubwa sana imehusishwa na kupoteza uwezo wa kusikia, jambo lililoonekana ilipotumiwa kama tiba yenyewe kwa ugonjwa wa Niemann-Pick aina C.

Salfobutili-beta, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Kansas, ina chaji hasi, kwa hiyo hushika kwa nguvu zaidi dawa zenye chaji chanya. Ndiyo iliyo kwenye vorikonazoli ya mshipani, miligramu 3,200 kwa kichupa cha miligramu 200. Mgonjwa wa kilo 60 anayepewa miligramu 6 kwa kilo anapokea karibu gramu 5.8 za pete kwa dozi moja. Ndiyo iliyo pia kwenye remdesiviri, gramu 3 kwa kichupa cha unga cha miligramu 100, na wakati wa Uviko watu waliogopa kuwapa wenye figo mbovu kwa sababu hiyo. Mwaka 2023 mamlaka ya dawa ya Marekani iliondoa hofu hiyo kwenye maelezo ya remdesiviri. Kwa vorikonazoli tahadhari ipo: kasi ya figo kuchuja damu ikiwa chini ya mililita 50 kwa dakika, ya kumeza ndiyo hupendekezwa, isipokuwa faida imezidi hatari.

Bei hupanda kwa mpangilio huo huo: beta, haidroksipropili, salfobutili.

Kabla hujaamini kuwa inafanya kazi

Jaribio la msingi liliwekwa na Higuchi na Connors mwaka 1965, na chuo chochote chenye spektrofotomita, yaani mashine ya kupima kiasi cha dawa kwa mwanga, kinaweza kulifanya. Andaa chupa zenye beta ya milimola 0, 2, 4, 6, 8 na 10 kwa lita. Usivuke 15 au 16, hapo beta yenyewe imefika kikomo. Tia dawa ya ziada kila chupa, kiasi kwamba ibaki inayoonekana chini. Tikisa saa 24 hadi 48 kwenye joto lisilobadilika, chuja kwa kichujio cha mikromita 0.45, soma. Chora dawa iliyoyeyuka dhidi ya beta.

Mstari ukinyooka na mteremko ukawa chini ya 1, uko salama, na kutoka kwenye mteremko unapata idadi ya pete kwa dawa. Mteremko wa 0.2, kwa mfano, ugawanye kwa 0.8 (1 kutoa 0.2), upate 0.25, yaani pete moja iliyobeba kwa kila nne tupu, maana yake katika pete tano ni moja tu iliyobeba dawa. Rudi sasa kwenye ile hesabu ya uzito, weka 5 badala ya 1, uone kama kidonge chako bado kinamezeka. Mstari ukipanda kisha ukalala au kushuka, mchanganyiko wenyewe unatuama. Hiyo ni tabia ya kawaida ya beta na steroidi, na hapo haidroksipropili huokoa.

Mambo mengine hupotea kirahisi maabarani. Beta ya kopo hubeba maji hadi karibu asilimia 14 ya uzito wake, kwa hiyo ukipima gramu 1 hujapima gramu 1 ya beta. Kausha sampuli kwanza ujue kiasi chake cha maji. Ukitengeneza kwa kukanda, yaani kusugua dawa na beta kwenye kinu cha maabara kwa maji na ethanoli kidogo hadi iwe kama ugali laini, ethanoli nayo hugombania tundu, basi iwe kidogo na ikauke yote. Na kwenye sirapu, vihifadhi vya parabeni huingia ndani ya pete badala ya kubaki majini kuua bakteria. Sirapu inaweza kufaulu mtihani wa umumunyifu na ikaota ukungu baada ya wiki chache. Pima nguvu ya kihifadhi ndani ya bidhaa kamili, wala usitegemee kiwango cha kwenye kitabu.

Usizidishe pete pia. Utando wa utumbo hupitisha dawa iliyo huru tu. Ukiweka saiklodekstrini kupita inayohitajika, dawa inabaki imeshikwa na ufyonzwaji unashuka. Tumia kiasi kidogo kabisa kinachoiweka dozi yote majini. Mara nyingi polima kidogo kama PVP, au kusogeza pH ili dawa ipate chaji kidogo, hupunguza pete zinazohitajika kuliko kuongeza gramu nyingine.

Ningechagua hivi

Dawa ni asidi au besi: chumvi, kisha upime kama inabaki majini ikikutana na pH ya tumbo au ya dripu. Haina chaji na dozi ni chini ya miligramu 50 hivi ya kumeza: beta, kwa kukanda. Dozi ni mamia ya miligramu ya kumeza: mafuta, au polima kama una mashine, na saiklodekstrini iwe ya kuficha uchungu tu ikibidi. Sindano isiyokubali chumvi: haidroksipropili, au salfobutili kama dawa ina chaji chanya na bajeti ipo, na figo za mgonjwa ziangaliwe.

Ukifika kuagiza, mwombe muuzaji cheti cha kundi husika kinachoonyesha kiwango cha vikia vilivyobandikwa. Haidroksipropili-beta si molekuli moja, ni mchanganyiko, na uzito wake hubadilika kutoka kundi hadi kundi, hivyo ile 1,400 ya kwenye jedwali ni ya kuanzia tu. Kwa sindano, cheti kionyeshe pia kiwango cha sumu za bakteria. Kopo lililoandikwa kuwa ni la maabara au la chakula haliingii kwenye kichupa cha kuchomwa mtu, hata likiwa jeupe kiasi gani.